Kilo Moja ya Sampuli

Miaka ishirini na miwili, ghalani Tandahimba,
nachoma gunia kwa bambo,
nachomoa korosho za juu, za kati, za chini,
kilo moja tu,
nazihesabu, nazipasua mojamoja,
kisha natamka: hili daraja la kwanza,
hili la pili,
hili rudi nalo kwako.
Wakulima wananichukia kwa adabu.

Leo Jumatano nimekaa benchi la kliniki
na bambo liko mkononi mwa mwingine:
Tabibu Somoe, binti wa Nambunga,
ambaye gunia la mama yake niliwahi kulirudisha.
Hakulitaja.
Alinifunga kitambaa mkononi, kikavimba, kikashusha pumzi.
Mia na sitini na mbili kwa tisini na nane.
Akaandika.
Akanizungusha utepe kiunoni kama fundi cherehani.
Umri? Hamsini na nane.
Kisukari tangu lini? Tangu mwaka ule wa bei nzuri,
tulipokunywa soda badala ya maji.
Sigara? Nikatazama ukuta.
"Ukuta hauvuti, mzee."
Nne. Sita, siku ya mnada.
Mkojo wangu ukaenda dirishani, ukarudi na umbea wake:
figo zimeanza kuvujisha protini.
"Na kaka yako, alikufa kwa nini?"

Chitenje alikufa msimu wa salfa.
Hakushika kifua.
Alitoka jasho, akasema tumbo limechafuka,
tukazilaumu ming'oko, tukamchemshia mchaichai,
akajilaza na viatu vyake miguuni.
Viatu ndivyo ninavyovikumbuka, vumbi la njano hadi kwenye kamba.

"Sukari ikikaa sana," akasema Somoe,
"huzifisha fahamu zinazobeba maumivu.
Moyo unapiga yowe, nyumba haina masikio."
Akachora mshipa nyuma ya kadi yangu:
sukari inakwangua ukuta kwa ndani,
palipokwanguka lehemu inanata
kama mafuta ya ganda kwenye vidole vya wabanguaji,
presha inasukuma, moshi unakaza,
njia ya damu inabaki tundu la sindano.
Likiziba kifuani, ni moyo.
Likiziba kichwani, ni kiharusi.

Nikamwambia: basi pasua uone.
Akacheka. "Mimi sina kisu, mzee. Mimi nakadiria."
Akatandaza chati ya vyumba vya rangi,
kidole kikapanda kwenye umri, kikakata kwenye moshi,
kikapita kijani, kikapita njano,
kikatua.
"Chukua magunia mia yanayofanana na wewe.
Kumi na manane yataharibika kabla ya miaka kumi."
Nami ni lipi?
"Chati haijui majina."

Nimewatukana sana wanaouza kwa kangomba,
anayekula bei ya bakuli leo
kwa korosho ambayo bado ni ua.
Kumbe na mimi, kila sigara ya mnada,
kila chumvi ya kiganja juu ya ming'oko,
kila dawa niliyoiruka kwa kuwa sikuumwa,
nilikuwa nauza mbele,
na mnunuzi hakuwahi kunionyesha uso.

Nikauliza kama nimekataliwa.
"Wewe gunia lenye unyevu unalifanyaje?"
Silitupi. Narudisha likaanikwe tena.
"Basi."
Akanipa vidonge vya presha, vya lehemu, vya sukari,
na tarehe, na amri ya kutembea.

Nimetembea hadi ghalani. Ni mbali kuliko nilivyodhani.
Pakiti nimempa mlinzi, Nachilongo,
nikamwambia asinirudishie hata nikimwita baba.
Saa kumi nilimwita baba.
Hakunirudishia.
Nikafungua daftari la sampuli, mstari mtupu, nikaandika:
Gunia: moja. Unyevu: juu.
Daraja:
kalamu ikasimama hapo,
na nje mtu akapiga hodi na mzigo wake.